Kamera ya Kisimani na Kundi Tulilolijenga Endasak

Vijana wa kambi, mliniomba niandike kazi yetu ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa sababu wale wa kwanza wamekwisha na nimebaki mimi. Nimeahirisha mara nyingi. Shule yangu ni darasa la saba, Dongobesh, na maandishi marefu niliyowahi kuandika ni barua ya posa ya kijana wangu, nayo mchungaji aliirekebisha nusu. Mkiona nimerukaruka, ndivyo nilivyo hata nikiongea.

Jambo la pili ni kwamba nina hasira. Nilidhani nikistaafu itaisha yenyewe, lakini imeganda kama ukoko chini ya sufuria. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata yule ambaye sipendi kumsemea. Pale nitakapomwonea mtu, aliyekuwepo anisahihishe.

Nilikuja Endasak kupika. Nilishuka barabarani nikapanda kwa miguu na sufuria mbili kichwani, maana nilikuwa nimeambiwa watafiti hawana vyombo. Vyombo walikuwa navyo. Sahani zao zingetosha harusi, ila hawakuwa na mwiko. Nilimkuta mwanamke mtu mzima, amevaa buti zenye tope, amekaa juu ya gogo anachonga kijiti kwa kisu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mpishi? Mungu mkubwa. Hawa watoto wamekula ugali mbichi tangu juzi, na mimi ndiye niliyeusonga."

Nilidhani ni mpishi aliyefukuzwa. Nilimwonea huruma, nikamwambia asijali, kazi zipo nyingi. Jioni ndipo nikajua huyo ndiye Profesa mwenyewe, mwenye utafiti wote, na mimi nimemfariji kwa kupoteza kazi. Hakunicheka mbele ya watu. Tangu siku hiyo tulimwita Mama Profesa.

Kazi yao ilikuwa kupima miti ya msitu wa mlima Hanang, wajue ipi inaongezeka na ipi inaisha. Baadaye waliongeza wanyama wa pori la chini, upande wa Gehandu. Wanafunzi walikuwa wachache, wengi wa mjini. Aliyewaongoza msituni ni Mzee Tluway, Mwiraqw kama mimi, mtu wa maneno machache ambayo mengi yalikuwa kejeli.

Jioni ile ya kwanza tulipomaliza kula, nikawa nanyanyuka kukusanya sahani. Mama Profesa akasema, "Kaa kwanza. Kabla hatujanyanyuka, kila mtu aseme kilichomshinda leo. Naanza mimi. Leo nimepotea njia, nimewazungusha wanafunzi wangu, na kila nilipopotea nilisimama nikajifanya naangalia ndege."

Vijana wakacheka. Walikuwa wamejua, ila waliogopa kusema.

"Nani atanisaidia kesho?"

Mzee Tluway akasema, "Mimi. Lakini utembee nyuma yangu, Profesa. Ukiwa mbele unaongea sana, njia inakukimbia."

Wakaendelea mmoja mmoja, mpaka wakanifikia. Mimi sikujua kama mpishi naye anahesabiwa. Nikasema kuni zao ni mbichi, moshi umenishinda. Kesho yake asubuhi nikamkuta mwanafunzi mmoja, baba yake ni mkubwa wa benki, anapasua kuni kavu. Alipasua vibaya sana. Lakini alipasua.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kambi, na sheria yake ilikuwa moja. Anayesema kilichomshinda haulizwi kwa nini. Anaulizwa asaidiwe vipi. Niliwahi kumwuliza Mama Profesa, tukichambua maharage, kama haoni wanafunzi watazoea kukosea. Akaniambia, "Kosa likisemwa mezani linabaki dogo. Likifichwa kwenye begi linakua, linakwenda mpaka kwenye kitabu, na hapo hakuna wa kulitoa." Sijui kama hayo yanafundishwa chuoni. Mimi niliyasikia kwenye maharage.

Niwape mfano. Msituni tunatumia futi ya kupimia unene wa mti. Ina pande mbili. Upande mmoja ni sentimita za kawaida kama za fundi cherehani, na upande wa pili umeshapigiwa hesabu, ukizungushia mti unakupa unene moja kwa moja. Kijana mmoja alisoma upande wa fundi cherehani wiki nzima. Alipogundua hakula. Zamu yake ilipofika mezani, akasema. Mahali pengine angefungashiwa virago arudi kwao.

Mzee Tluway akamtazama, akasema, "Ndiyo maana. Nilikuwa nashangaa miti ya Hanang imenenepa mara tatu na mvua yenyewe hakuna."

Kesho yake wote tulipanda kurudia, na mimi nikiwemo, sufuria nikaiacha kwa jirani. Mzee Tluway alinipa futi nishike. Aliniambia niiweke usawa wa kifua, nisiikaze kama namfunga mbuzi, na kama mti umeinama nisimame upande wa juu wa mteremko. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, kwa kosa la mwingine. Kijana yule leo ni mwalimu wa chuo, na nasikia wanafunzi wake hawamwogopi.

Kulikuwa na desturi nyingine. Hakuna kukanyaga ardhi ya mtu kabla hujakaa nyumbani kwake. Kwa sisi wakulima wa juu hiyo ni rahisi, unapiga hodi, unapewa kiti, unaeleza. Kwa Wabarbaig, wafugaji wa huko chini, ilichukua muda zaidi. Mama Profesa alikaa bomani, akanywa maziwa, akaulizwa habari za ng'ombe wake akasema hana, wakamwonea huruma. Vijana wa mjini walitazama simu. Yeye alikaa. Siku hiyo mama mmoja mrefu wa Gehandu, mwenye sauti nzito, alitutembeza njia zote ambazo tungeruhusiwa kupita. Tulipofika karibu na kisima kimoja chenye miti akanyoosha fimbo yake. "Huku hapana. Huku wanawake wanaoga." Mama Profesa akasema sawa, na kwa miaka yote ya kwake hakuna mtu wetu aliyepita pale.

Nimesema mengi ya uzuri, na naogopa mtadhani palikuwa peponi. Hapana. Mama Profesa alikuwa anasahau kuagiza chakula, gari lilisukumwa kila asubuhi, na vijana wawili waligombana kuhusu msichana mpaka ikabidi nilale katikati ya mahema yao. Ila hakuna mtu aliyekuwa na kosa peke yake.

Basi, Mama Profesa alizeeka, akastaafu, akarudi kwao Morogoro. Nafasi yake ikachukuliwa na mtu tuliyemjua. Jina lake siliandiki, tulimwita Dokta na inatosha. Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi pale. Amekula ugali wangu, amekaa kwenye meza ile ile, amesema yaliyomshinda na akasaidiwa. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Angekuwa mgeni ningesema hakujua.

Haki yake ni hii. Alileta umeme wa jua. Alileta sanduku la huduma ya kwanza lenye dawa ndani, si pamba tupu. Alileta gari linalowaka bila kusukumwa. Alileta kamera za mtego, zile zinazofungwa kwenye mti zikapiga picha zenyewe kitu kikipita. Alifanya kazi kuliko sisi wote, na vijana wa wakati wake waliandika zaidi kuliko wa wakati wa Mama Profesa. Watoa fedha walimbana, hata mimi niliona, simu ilikuwa haimwachi ale.

Lakini wiki ya kwanza tu, tulipomaliza kula, nikakaa kama kawaida, naye akasimama.

"Dokta, hatujasema," nikamwambia.

"Mama Safari, hatuna muda wa kuungama kila siku. Hapa siyo kanisani."

Watu wakacheka kidogo, ndivyo watu wanavyocheka mkubwa akisema. Siku iliyofuata akatundika ubao kwenye ukumbi wa kulia. Majina yote yalipangwa, aliyeleta data nyingi juu, aliyeleta chache chini. Ubao ule ulifanya kazi. Ni lazima niseme ulifanya kazi. Vijana waliamka mapema, walipanda mlima kwa bidii. Pia walianza kufichiana betri.

Ndipo akaja Gidamis.

Gidamis ni mtoto wa Gehandu, Mbarbaig, wa kwanza katika ukoo wao kufika shahada ya pili. Yule mama mrefu mwenye sauti nzito ni dada wa baba yake. Alikuja kambini na begi moja na fimbo, na mjomba aliyemsindikiza aliniambia, "Mama, huyu tunakuachia. Tumesikia hapa mnatunza watu." Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sababu ya zamani.

Kazi yake ilikuwa wanyama wa pori la kwao, jinsi fisi na nungunungu na digidigi wanavyoishi pamoja na mifugo. Hakuna aliyefaa zaidi. Ila kila alipotaka kufunga kamera alikwenda kwanza kukaa bomani, kama alivyolelewa, na siku ikaisha kamera ziko begini. Kwenye ubao alikuwa chini kabisa. Wenzake walianza kumwita "Bwana Maziwa".

Ukame ulipokaza, maji yakabaki sehemu chache. Dokta akafungua ramani pale mezani akaweka kidole.

"Hapa. Weka kamera hapa."

Mimi nilikuwa naweka chai. Gidamis alisema polepole, "Dokta, pale ni kwa wanawake. Wanaoga pale."

"Na wanyama wanakunywa wapi?"

"Hapo hapo. Usiku."

"Basi. Wanawake mchana, wanyama usiku. Kamera haijui kuchagua, sisi tutachagua. Picha zisizofaa utazifuta."

"Shangazi yangu..."

"Gidamis, wewe ni mtafiti au ni mtoto wa shangazi? Angalia ubao."

Akaangalia ubao. Nilimwona. Zamani angesema jioni mezani, hili limenishinda, na Mzee Tluway angekuwa na la kusema, na wanafunzi wangetafuta kisima kingine pamoja naye. Jioni hiyo kila mtu alikula akaenda kwenye hema lake.

Aliifunga. Aliniambia baadaye jinsi alivyofanya, na nawaandikia kwa sababu hakuna mtu mwingine ambaye angekosea hivyo isipokuwa mtu mwenye heshima. Hakuifunga juu kama zinavyofungwa. Aliifunga chini, karibu na ardhi, akaielekeza kwenye matope, ili ipige kwato na miguu tu na sura ya mama yake mtu yeyote isionekane. Hakufikiri kwamba anayeoga huchutama.

Baada ya siku kadhaa Dokta akataka kuona picha. Ilikuwa mchana, tumekaa kula, na picha zikawa zinaonyeshwa kwenye ukuta. Aliyekuwa anabonyeza kompyuta ni Neema, mwanafunzi kutoka upande wa Moshi, msichana mpole aliyekuwa juu kabisa kwenye ubao. Akapita fisi. Akapita nungunungu, watu wakashangilia. Halafu wakatokea akina mama. Sitasema zaidi ya hapo.

Neema aliganda. Dokta akasema, "Pita, pita." Lakini kamera zile hupiga tatu kwa mpigo, kwa hiyo alipopita ikaja ya pili, na ya tatu. Kuna mtu alicheka. Najua ni nani na simtaji, kwa sababu nadhani alicheka kwa woga. Gidamis alitoka nje na sahani mkononi. Mlangoni walikuwa wamesimama vijana wa kijijini wanaotubebea mizigo, nao waliona. Habari ilifika Gehandu kabla sijamaliza kuosha vyombo.

Dokta aliamuru zifutwe, na zilifutwa, alisimama nyuma ya Neema mpaka zikaisha. Hilo alilifanya vizuri. Nikamwambia, "Dokta, sasa nenda kwao. Leo, kabla hawajaja." Akasema tusikuze jambo.

Walikuja asubuhi. Kwa Wabarbaig, mwanaume akiwakosea wanawake, kesi haiendi kwa wanaume. Wanawake hukaa baraza lao wenyewe, na wakishahukumu hakuna mzee wa kiume anayepindua. Walikuja wengi, wamevaa sketi zao za ngozi, kila mmoja na fimbo nyembamba mkononi, wakiimba kwa sauti ya chini. Wakakaa chini mbele ya geti. Shangazi yake Gidamis akabaki amesimama.

Dokta alitoka anatabasamu. "Shikamooni mama zangu."

"Marahaba. Nani alifunga jicho kule kisimani?"

"Mama, kwanza karibuni chai..."

"Chai tumekunywa. Nani alifunga?"

Dokta akageuka, akaangalia nyuma tulikosimama, wanafunzi na wapagazi na mimi. "Ni kosa la mwanafunzi wangu mmoja. Kijana bado, hakuelewa maelekezo. Tumeshamwonya vikali."

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko sala. Hakuelewa maelekezo. Gidamis alikuwa amesimama karibu yangu, na kwa hayo maneno niliona mabega yake yakishuka. Akatoka mbele. Akasema kwa Kibarbaig, na hata asiyejua lugha angeelewa: ni mimi.

Shangazi hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alimtazama tu. Nyuma yangu kundi zima lilikuwa linatazama viatu. Watu waliokula sufuria moja. Kila mmoja alikuwa mezani siku ya ramani, alisikia, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nikasema, "Shangazi, muulizeni na aliyemtuma."

Dokta hakugeuka. "Mama Safari, rudi jikoni."

Shangazi akanitazama, halafu akamtazama yeye. "Kumbe huko jikoni ndiko kuna mtu," akasema. "Haya, mama. Sema."

Nikasema niliyoyasikia nikiweka chai. Sikuongeza. Nilisema hata kwamba Dokta aliamuru picha zifutwe. Wanawake wakasogea pembeni wakazungumza, jua likapanda, sisi tumesimama. Waliporudi hukumu ilikuwa hii: aliyefunga ataleta dume wa ng'ombe, na aliyemtuma ataleta dume. Kila mmoja amlete mwenyewe, kwa mkono wake, kwa miguu yake, mpaka pale kisimani.

"Nitatuma pesa kwa simu leo hii," Dokta akasema. "Hata ya madume yote mawili."

"Pesa haina miguu," shangazi akasema. "Na wewe unayo."

Waliondoka wakiimba.

Gidamis alikuwa na dume mmoja duniani, aliyepewa na baba yake alipofaulu kidato cha sita. Alimswaga peke yake mpaka kisimani. Walimchinja, wakala, wakamfanyia kijana ya kimila ambayo mimi siyajui na siulizi, na jioni mama yake akampikia. Kwao ilikwisha. Ndivyo wenzetu walivyo, kosa likilipwa limelipwa, hata watoto hawalitaji.

Dokta alikwenda Arusha kwenye mkutano. Mkutano ulikuwepo kweli, niliona mwaliko. Aliporudi akaenda mwingine.

Hapo ardhi ikafungwa. Hakuna aliyetupiga wala kututukana. Tulisalimia, hatukuitikiwa. Asubuhi moja tukakuta kamera zetu zote zimerundikwa getini, nzima, hata mikanda imekunjwa vizuri kuliko tunavyoikunja sisi. Na Dokta, kwa simu, akamwambia Gidamis akae nyumbani kwanza mpaka mambo yatulie. Gidamis akachukua begi na fimbo yake.

Ni hapo Neema alikuja jikoni. Nilikuwa namenya viazi, akachukua kisu akamenya na yeye, akamenya nusu ndoo. Halafu akasema, "Mama, mimi siku ile ya ramani nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu sasa atanifikia lini kwenye ubao."

Sikumwuliza kwa nini. Nilimwuliza anataka kusaidiwa vipi. Jioni walikuja wengine, wakakaa kwenye ndoo na magunia, na kila mtu akasema lake. Mengine yalikuwa mabaya. Walikubaliana wachange wanunue dume mnadani, wampeleke kwa niaba ya kambi, ili Gidamis arudi. Niliwaambia sina hakika, lakini nilifurahi, na nilikwenda nao. Vijana wa mjini wanaswaga ng'ombe, ambao hamkuona mmekosa kitu. Dume alitaka kwenda kushoto, wao kulia, mwisho yeye ndiye aliyewapeleka.

Shangazi alimzunguka yule dume, akamsifu. Akauliza Dokta yuko wapi. Neema akajibu kwa unyenyekevu kwamba sisi ni watu wake, tumekuja badala yake.

"Mama hubeba mtoto mgongoni," shangazi akasema. "Hata akilia, hubebwa. Lakini mwenye ndevu habebwi. Mrudisheni ng'ombe wenu. Nyie tumewaona. Nyie piteni tu. Bado yeye."

Tulirudi na dume. Siku ile walisalimiwa njia nzima.

Sasa nifike pale pagumu kwangu, kwa sababu hasira inataka niruke. Dokta alikwenda. Kazi yake ilikuwa imesimama, chuo kilikuwa kimesikia, hakuwa na njia nyingine, lakini alikwenda. Alishuka kwenye gari barabarani akamshika dume kamba, akatembea naye juani kwa viatu vya ofisini mpaka kisimani. Dume alimburuza mara mbili. Wanawake hawakucheka mpaka alipofika. Alisimama mbele yao akasema, "Mimi ndiye niliyemtuma." Nilikuwepo, nilisikia. Lilikuwa neno la mwanaume, na kwa dakika hiyo nilimwona tena yule mwanafunzi wa zamani.

Ardhi ikafunguliwa. Kamera zikafungwa upya, mbali na kisima. Ubao ukaondolewa. Na Gidamis hakuitwa.

Nilingoja. Nilidhani amesahau. Kumbe utafiti wa pori la Gehandu alishampa mwanafunzi mwingine, kijana mzuri, hana kosa. Nilipouliza, Dokta aliniambia alihitaji mtu ambaye kijiji hakimkasirikii. Nikamwambia kijiji hakina hasira na Gidamis, kilishakula dume wake. Akasema, "Mama, mambo ya kitaaluma yana taratibu zake." Pengine yana. Mimi si mtu wa kujua. Lakini muda wa Gidamis chuoni ulikuwa unakwisha, na asipopokelewa tena kwenye kundi miaka yake yote ilikuwa inakwenda bure, na wa kumpokea ni Dokta peke yake.

Halafu nikaanza kusikia hadithi. Wageni wakija, Dokta anawasimulia jinsi alivyomswaga dume, jinsi alivyojifunza unyenyekevu, na kwamba kiongozi wa kundi la utafiti lazima abebe makosa. Husimulia vizuri. Watu huandika. Gidamis hayumo ndani ya hadithi. Kuna kamera, kuna wanawake, kuna Dokta na dume wake.

Aliisimulia na siku ya kuniaga. Mlikuwepo baadhi yenu. Nimepewa blanketi zuri na keki, naye amesimama anasema Mama Safari ndiye aliyetufundisha kusaidiana, na akaingia kwenye hadithi ya dume. Watu wakapiga makofi. Nikapewa nafasi niseme neno.

Nikasema, "Asante kwa blanketi. Gidamis yuko wapi?"

Dokta akatabasamu. "Mama, leo ni siku yako."

"Ndiyo maana nauliza leo. Kesho sina kazi hapa, hamtanijibu."

"Gidamis aliamua mwenyewe kupumzika."

Mimi nilikuwa nimeshasema yangu, nikakaa. Hapo Neema akasimama. Ameishika meza. "Dokta, hakuamua. Ulimwambia akae nyumbani, simu yako aliipokea mbele yangu." Akasimama yule aliyecheka siku ya picha. "Na mimi nilikuwepo." Halafu yule kijana aliyepewa pori la Gehandu, ambaye sikumtegemea kabisa. "Dokta, mimi naweza kurudi kwenye miti. Ile kazi ni yake."

Dokta alikaa, anazungusha kifuniko cha soda. Wageni wa chuo walikuwepo meza ya mbele. Sijui kama ni aibu au ni wao, na sitaki kumhukumu kwa nisilolijua. Akasema, "Apigiwe. Jumatatu nitampokea."

Nilimpigia mimi, pale pale, nikatoka nje kwenye mtandao mzuri. Alikuwa machungani, nasikia kengele za ng'ombe. Nikamweleza. Hakushangilia.

"Mama, nirudi kwa nani? Kwa Dokta?"

Nikageuka nikatazama mlangoni. Walikuwa wametoka wamejazana pale, wananyoosha shingo kama watoto wanaongoja uji.

"Kwa Neema," nikamwambia. "Kwa huyu aliyecheka. Kwa huyu anayekurudishia pori lako. Wamesimama hapa, wanakusikia."

Akasema ngoja kwanza awafikishe ng'ombe nyumbani.

Amerudi. Wakati naandika haya yuko porini na kamera zake, na kila asubuhi anakaa bomani kwanza, na wenzake wanakaa naye. Dokta hajamwomba radhi, na nikimwona bado nachemka. Msije mkaniambia nimsamehe kwa kuwa yameisha vizuri. Yameisha hivyo kwa sababu watu watatu walisimama mbele ya mkubwa wao wakiwa na chakula mdomoni.